Je, kutifua udongo kunaongeza naitrojeni? Jibu kwa mkulima aliyeacha plau

Swali: "Nimelima kwa plau miaka mingi. Misimu miwili iliyopita niliacha. Sitifui tena, nayaacha mabua juu ya ardhi na kupanda kwenye vishimo. Mahindi yanaota vizuri, lakini yakifika wiki ya nne au ya tano yanageuka manjano kuanzia majani ya chini, ilhali ya jirani anayelima kwa plau ni ya kijani kibichi. Udongo wetu ni mmoja, mbegu ni moja, na sote tunakuzia kwa urea mara moja. Mimi naimwaga juu ya matandazo. Je, kutifua kunaongeza naitrojeni? Nirudi kwenye plau?"

Jibu:

Usirudi kwenye plau kwa sababu hiyo peke yake. Unachokiona ni cha kweli, na rangi ya mahindi ya jirani haidanganyi: udongo uliogeuzwa hutoa naitrojeni nyingi kwa mkupuo, usiogeuzwa huitoa kidogo kidogo. Ila plau haikumwongezea hata kilo moja. Ilimtolea naitrojeni iliyokuwa imelala ardhini kwake, na asiporudisha kitu, kila msimu inamtolea zaidi ya inayorudi. Kwako wewe tatizo ni la wakati. Naitrojeni inachelewa kuifikia mizizi, na nadhani sehemu nyingine inapotea hewani kwa jinsi unavyoiweka. Yote mawili yanarekebishika bila kuigeuza ardhi.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayoondoa utata. Sentimita 15 za juu za udongo kwenye hekta moja zina uzito wa takriban kilo milioni 2. Udongo ukiwa na naitrojeni asilimia 0.1, kiwango cha kawaida kwenye mashamba yaliyolimwa muda mrefu, hapo pana kilo 2,000. Mahindi yanayotoa tani 4 za nafaka yanahitaji kilo 80 hadi 100 tu, ukijumlisha punje, majani na mabua. Kwa nini basi yanaona njaa juu ya akiba kubwa namna hiyo? Kwa sababu zaidi ya asilimia 90 ya naitrojeni hiyo imo ndani ya mboji, yaani mabaki ya mimea na viumbe yaliyooza kwa viwango mbalimbali, na mzizi hauwezi kuila mboji. Mzizi unachukua nitrati na amoniamu, aina mbili za naitrojeni zinazoyeyuka kwenye maji ya udongo. Ni lazima bakteria na kuvu waimeng'enye mboji kwanza, na kwa kawaida wanameng'enya asilimia 1 hadi 3 ya akiba hiyo kwa mwaka. Kwa udongo wetu wa mfano, hizo ni kilo 20 hadi 60. Namna ya kulima inagusa hasa asilimia hiyo: inaipandisha au kuishusha.

Plau inaipandisha kwa njia kadhaa kwa pamoja. Udongo wenye afya umeshikamana katika vibonge vidogo vidogo, na ndani ya vibonge hivyo mboji hujificha mahali ambapo bakteria hawaifikii. Plau na haro zinavivunja. Hewa inaingia, na bakteria wanaogeuza amoniamu kuwa nitrati hawawezi kazi hiyo bila oksijeni. Ardhi inabaki wazi, jua linaipasha joto, na joto linaongeza kasi ya uozo. Kisha mvua ya kwanza inanyesha juu ya udongo mkavu uliopasuliwa. Mwaka 1958 mtafiti H. F. Birch, aliyekuwa akifanya kazi Kenya, alieleza jinsi udongo uliokauka unavyofoka naitrojeni na hewa ya kaboni ukiloweshwa tena; hadi leo wataalamu wa udongo duniani kote wanaita tukio hilo kwa jina lake. Linatokea hata shamba lisipotifuliwa, lakini lililotifuliwa lina mboji nyingi zaidi iliyofunuliwa, kwa hiyo mfoko wake ni mkubwa zaidi.

Wakulima wameuona mfoko huo karne nyingi kabla ya kujua naitrojeni ni nini. Mwanzoni mwa karne ya 18 Mwingereza Jethro Tull, aliyetengeneza mashine ya kupandia mbegu kwa mistari, aliamini kwamba mizizi humeza chembe ndogo kabisa za udongo, hivyo kadiri unavyousaga udongo ndivyo unavyolisha mmea. Aliona sawasawa, maana mazao yake yalistawi kweli. Sababu ndiyo iliyompita kando, nayo ndiyo inayoamua kitakachotokea baada ya miaka 20.

Kinachotokea ni kwamba akiba inapungua. Mboji ina kaboni na naitrojeni kwa uwiano unaobadilika kidogo sana, karibu sehemu 10 hadi 12 za kaboni kwa sehemu 1 ya naitrojeni, kwa hiyo mboji ikiisha naitrojeni inaisha nayo. Nyika za Marekani na Kanada zilizovunjwa kwa plau tangu karne ya 19 zilipoteza, kwa miongo michache, kati ya asilimia 30 na 50 ya kaboni ya udongo wa juu. Wakulima wa kwanza walivuna ngano bila mbolea na kusifia rutuba ya ardhi mpya. Wajukuu wao walilazimika kununua kile ambacho babu zao walikipata bure. Juu ya hapo kuna mmomonyoko. Ardhi iliyo uchi inaondoka na maji na upepo, na kinachotangulia kuondoka ni udongo wa juu, ulio tajiri kuliko wote.

Sasa suala la wakati, ambalo kwangu ndilo kiini cha swali lako. Mfoko wa nitrati baada ya kulima unakuja mvua zinapoanza. Siku hizo mahindi ni mbegu, au mche wa majani mawili. Katika mwezi wa kwanza mmea unachukua naitrojeni kidogo sana. Ukishatoa majani sita hadi nane ndipo unapoanza kula kwa nguvu, na kuanzia hapo hadi kutoa mbelewele unaweza kuchukua kilo 2 hadi 4 kwa hekta kwa siku. Nitrati haisubiri. Ina chaji hasi kama ulivyo uso wa chembe za mfinyanzi, kwa hiyo udongo wa kawaida hauishiki. Maji yakishuka, nayo inashuka. Kwenye udongo wa kichanga, mvua kubwa chache za mwanzo zinatosha kuipeleka chini kuliko mizizi michanga inavyofika. Kwenye mfinyanzi inakaa zaidi, mradi maji yasituame.

Ndiyo maana nakuomba usihukumu shamba kwa rangi ya wiki ya nne. Wiki ya nne jirani yako anakula mfoko. Lipime tena mahindi yakitoa mbelewele, na tena punje zikijaa. Wakati huo mara nyingi tofauti inapungua, na kwenye udongo mwepesi wenye mvua nyingi inaweza hata kugeuka, kwa sababu udongo usiotifuliwa bado unaendelea kutoa polepole.

Nasema "mara nyingi" na "inaweza" kwa makusudi. Kilimo bila kutifua kimepata wahubiri wengi, na baadhi yao wanaahidi mavuno makubwa tangu msimu wa kwanza. Takwimu haziko upande wao. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2014 na kundi la watafiti likiongozwa na Cameron Pittelkow ulikusanya tafiti 610 kutoka nchi 63, zenye mazao 48. Kwa wastani, kuacha kutifua kulipunguza mavuno kwa kati ya asilimia 5 na 6. Waliofunika ardhi kwa mabaki na kubadilisha mazao walipata upungufu mdogo zaidi, na kwenye maeneo makavu yanayotegemea mvua waliofanya yote matatu walizidi wenye plau kwa asilimia 7 hivi. Miaka ya mwanzo ndiyo iliyokuwa mibaya. Kwa hiyo uko mahali ambapo wengi hupita, na hali ya hewa ya kwako ina uzito mkubwa kuliko hoja za mtu yeyote, zangu zikiwemo.

Turudi kwenye shamba lako. Kwanza, je, ni naitrojeni kweli? Maelezo yako yanaelekea huko. Mahindi yenye njaa ya naitrojeni huhamisha ile iliyopo kutoka majani ya zamani kwenda kwenye machanga, hivyo majani ya chini ndiyo yanayoanza, na manjano hutokea nchani na kupanda kufuata mshipa wa katikati, yakichora umbo la V. Kama manjano yangeanza kwenye majani machanga ya juu ningeshuku salfa. Kama majani yangekuwa ya zambarau ningeshuku fosforasi, au mizizi iliyobanwa.

Pili, mabua. Bua la mahindi lina sehemu 50 hadi 70 za kaboni kwa sehemu 1 ya naitrojeni, wakati miili ya vijidudu wanaolila ina uwiano wa karibu 8 kwa 1. Chakula chao kina nguvu nyingi na protini kidogo, kwa hiyo naitrojeni inayopungua wanaichota kwenye udongo, wanashindana na mahindi yako, na wanashinda. Mpaka uko karibu na 25 kwa 1. Mabaki yaliyo juu ya hapo yanafunga naitrojeni kwanza na kuiachia baadaye. Yaliyo chini ya hapo yanaiachia karibu mara moja. Naitrojeni iliyofungwa haijapotea. Vijidudu hao wakifa inarudi, ila inarudi kwa ratiba yao.

Hapa watu wengi hukosea hesabu. Wanadhani mabua yaliyolala juu ndiyo yanayoiba zaidi. Ukweli ni kwamba mabua yaliyofukiwa kwa plau wiki mbili kabla ya kupanda yanaiba zaidi na kwa kasi zaidi, kwa kuwa yamegusana na udongo kila upande. Na hapo ndipo napata swali ambalo hukulijibu: jirani yako anayafanyia nini mabua yake? Kama yanachomwa au yanaliwa na mifugo, basi hamtofautiani kwa plau peke yake. Yeye hana wezi hao shambani, wewe unao. Sikushauri uyachome, kwa sababu naitrojeni ya majani ikichomwa karibu yote inakwenda na moshi. Nataka tu usiipe plau sifa zisizo zake.

Tatu, na hapa ndipo ningeanza kurekebisha kabla ya jambo lingine lolote: urea unayoimwaga juu ya matandazo. Urea yenyewe si gesi, lakini kuna kimeng'enya kiitwacho urease kinachoigeuza kuwa amonia, na kimeng'enya hicho kimejaa kwenye mabaki ya mimea yanayooza, zaidi kuliko kwenye udongo mtupu. Ukiimwaga juu ya mabua yenye unyevu, hali ya hewa ikiwa ya joto na mvua isipofika kwa siku kadhaa, unaweza kupoteza robo yake au zaidi. Jirani akimwaga urea ileile kwenye udongo uliotifuliwa na kuipitishia jembe wakati wa palizi, anaifukia bila hata kukusudia. Mmenunua mfuko uleule lakini mahindi yenu hayakula sawa. Fukua matandazo kando ya mmea, chimba kijishimo au mfereji wa sentimita 5, weka urea, funika. Usipoweza kufukia, subiri siku ambayo mvua ya kutosha kulowesha udongo, milimita 10 au zaidi, iko njiani, au tumia mbolea ya kukuzia ambayo sehemu ya naitrojeni yake ni nitrati.

Nne, muda wa kuiweka. Mwenye plau anaweza kungoja, kwa sababu mfoko unambeba mwanzoni. Wewe huwezi. Katika misimu hii ya kwanza ongeza kilo 20 hadi 30 za naitrojeni kwa hekta wakati wa kupanda, ili vijidudu washibe na mche ubaki na chake. Kwa urea, yenye asilimia 46 ya naitrojeni, hizo ni kilo 43 hadi 65, lakini usiiguse mbegu nayo kamwe, maana amonia yake inaunguza chipukizi. Iwe sentimita 5 kando ya mbegu na sentimita 5 chini yake. Kwenye vishimo, samadi iliyoiva vizuri inafanya kazi hiyo kwa upole zaidi na inaongeza mboji. Samadi mbichi iliyojaa majani makavu itakurudisha kwenye tatizo la mabua. Dozi ya pili iweke mahindi yakiwa na majani sita. Udongo ukiwa wa kichanga, igawe dozi hiyo mara mbili, ya pili kabla ya mbelewele.

Magugu nayasema kwa ufupi ingawa yanaharibu mashamba mengi yasiyotifuliwa kuliko mabua. Plau huua magugu, na ukiiacha lazima kitu kingine kiyaue. Gugu lililoota pamoja na mahindi linakunywa nitrati ileile, na mara nyingi lina mizizi mingi kuliko mche. Palilia mapema, kwa kukwangua juu juu.

Maadamu mabua yanabaki juu ya ardhi, kuna jambo moja tu ambalo lingenifanya niseme uichane ardhi kwa chuma, nalo ni tabaka gumu. Miaka mingi ya plau inayopita kina kilekile, au jembe la mkono linalogonga palepale, inaacha tabaka lililoshindiliwa, aghalabu kati ya sentimita 10 na 20 kwenda chini. Mtu anayeacha plau bila kulivunja anarithi ugonjwa wa plau bila dawa yake. Mizizi inakunjika na kutambaa kando, na nitrati iliyoshuka chini ya tabaka hilo inakuwa kama haipo. Juu yake maji yanatuama. Na maji yakijaza zaidi ya asilimia 60 ya matundu ya udongo, oksijeni inapungua, na bakteria fulani wanaanza kutumia nitrati badala ya oksijeni na kuigeuza gesi. Shamba lisilotifuliwa hubaki na unyevu zaidi, jambo linalookoa mazao wakati wa ukame, lakini kwenye mfinyanzi usiopitisha maji unyevu huohuo ndio unaokuibia.

Kulipima ni rahisi. Siku moja au mbili baada ya mvua kubwa, chukua ufito wa chuma uliochongoka na uusukume ardhini polepole kwa mkono, sehemu nyingi za shamba. Ukikwama ghafla kwenye kina kilekile kila mahali, tabaka lipo. Thibitisha kwa kung'oa mahindi machache kwa koleo, pamoja na udongo wake: mzizi uliopinda kama kiwiko ni ushahidi tosha. Hapo tumia ripa, lile jembe lenye jino moja jembamba linalochana mstari bila kugeuza ardhi, au chimba vishimo vyenye kina cha kupita tabaka. Chana udongo ukiwa mkavu ili tabaka lipasuke; ukiwa na unyevu jino linapita na kuacha mfereji laini tu. Panda juu ya mstari uliochanwa, na msimu unaofuata rudi kwenye mistari ileile. Nafasi kati ya mistari ibaki bila kuguswa, mboji iendelee kukaa mafichoni.

Jambo litakalobadilisha hesabu yako ya naitrojeni kuliko dozi yoyote ya mwanzo ni mikunde. Mabaki ya kunde, maharage, mbaazi au jamii nyingine ya mikunde yana uwiano wa sehemu 15 hadi 25 za kaboni kwa 1 ya naitrojeni, kwa hiyo yanaoza bila kuiba. Tena shamba lako ni mahali pazuri kwao kuliko la jirani. Mikunde inapokuta nitrati nyingi kwenye udongo inapunguza vinundu vya mizizini, ambamo bakteria huichukulia naitrojeni ya hewani, na kunywa kilichopo. Ikikuta nitrati kidogo inatumia ya hewani. Zungusha mazao, au panda mikunde kati ya mistari ya mahindi kama unyevu unatosha kwa yote mawili. Mahindi baada ya mahindi, bila kutifua, ndiyo njia ndefu kuliko zote ya kufika unakotaka.

Kama mifugo inakula mabua yote na huna namna ya kuizuia, nakupa ushauri tofauti kabisa. Lengo la chini linalotumika katika kilimo hifadhi ni asilimia 30 ya ardhi kufunikwa wakati wa kupanda. Kuacha kutifua kwenye ardhi tupu kunakupa hasara za pande zote mbili: hakuna mfoko, uso unaganda baada ya mvua, maji yanakimbia, na mboji haiongezeki. Kwa shamba la namna hiyo naona bora ripa pamoja na kuchimbua kidogo juu juu, na samadi ya mifugo hiyo irudi shambani.

Msimu ujao usibadilishe shamba zima kwa neno langu. Acha ukanda mmoja ukuziwe kama ulivyozoea, ukanda wa pili upate naitrojeni ya kupandia na urea iliyofukiwa, na wa tatu upate hivyo hivyo lakini uchanwe kwa ripa. Ukanda wa pili ukibaki kijani, mwizi alikuwa mabua na hewa. Ukigeuka manjano ilhali wa tatu uko kijani, chimba uitazame mizizi. Na ukipeleka udongo kupimwa, chukua sampuli mbili kila mahali, sentimita 0 hadi 10 na 10 hadi 20, kwenye mifuko tofauti, kisha ulinganishe na shamba la jirani kwa vina vyote viwili. Shamba lisilotifuliwa hukusanya mboji na naitrojeni kwenye sentimita chache za juu, na sampuli ya juu peke yake itakuonyesha utajiri ambao, ukihesabu hadi chini, mara nyingi ni mdogo zaidi kuliko unavyoonekana.